Meno Ishirini na Mawili

Ng'ambo ya mto
Jumatatu, 6 Mei 2024

Mama Rabia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Lumemo, wewe na kibanda chako cha baiskeli. Mimi ni Egidius, mpangaji wako wa chumba cha nyuma nilipokuwa kidato cha tatu na cha nne. Sasa ni karani wa ofisi ya serikali ya kijiji huku ng'ambo, mwaka wa pili.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi. Huku simu inashika mahali pamoja tu, barazani kwa Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Marselino, na anayepiga simu pale husikilizwa na benchi zima. Kwa hiyo nimempa barua Ndaki, muuza maziwa, anayevuka daraja kuja Ifakara kila baada ya siku moja. Nimeifunga kwenye kitambaa chenye grisi kwa sababu nimegundua watu hawapendi kufungua kitu chenye grisi. Tafadhali nijibu vivyo hivyo.

Shida yangu ni ndogo. Baiskeli yangu, ile ya marehemu baba, ina gia kubwa ya mbele ya meno 44 (nimehesabu mara tatu, nikitia chaki jino la kwanza) na friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, ya meno 18. Naomba friwili ya meno 16. Nina safari za kikazi kuja Ifakara kwa barabara kuu na daraja, na ninachelewa. Nataka mwendo. Ikipatikana kabla ya tarehe 24 mwezi huu nitashukuru sana. Hakuna haraka nyingine yoyote.

Wako mtiifu,
Egidius


Lumemo
8 Mei

Egidius mwanangu,

Marahaba. Ndaki alipotoa kile kitambaa nilidhani ameniletea panya aliyekufa.

Nilikaa karakana ya shamba la miwa miaka kumi na tisa kabla ya kufungua kibanda, na baiskeli za wakata miwa zote zilipita mkononi mwangu. Kwa hiyo sikiliza. Ukikanyaga pedeli mzunguko mmoja kwa 44 na 18, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili na karibu nusu. Kwa 16, mara mbili na robo tatu: unakwenda mbali, lakini kila mkanyago una uzito wake. Kwa 22, mara mbili kamili: mwepesi, polepole, na hausimami hata kwenye tope. Hakuna friwili bora duniani. Kuna friwili ya njia fulani na mtu fulani. Mimi nikiiona friwili ya mtu najua anakwenda wapi.

Ndiyo maana kila mteja namuuliza maswali matatu. Unapita njia gani? Umebeba nini? Na nyuma yako kuna nini? Hilo la tatu ni la haraka: anayechelewa kazini na anayekimbizwa na mbwa hawafungi gia moja.

Wewe umejibu la kwanza tu. Tena miguu yako naijua. Ulikuwa unashuka kwenye kila tuta la barabarani ukisukuma baiskeli kama mgonjwa. Leo unataka kumi na sita?

Haya, nimekutumia ulichoomba. Kutoa ile ya zamani, vua gurudumu, ingiza ufunguo niliokuwekea kwenye nafasi zake mbili, zungusha kinyume cha saa. Inabana kwa sababu kila unapokanyaga unazidi kuikaza. Kabla ya kufunga mpya paka grisi kwenye nyuzi zake za kukazia, usisahau, au hutaitoa tena. Cheni italegea kidogo. Vuta gurudumu nyuma mpaka ikae.

Nisalimie Ndaki. Mwambie maziwa ya juzi yalikuwa na maji ya mto.

Rabia


Ng'ambo
11 Mei

Mama Rabia,

Shikamoo. Nimefunga friwili kama ulivyoelekeza, nikajaribu jana asubuhi. Kwenye barabara ngumu ilikuwa nzuri. Kwenye mchanga karibu na machimbo nilisimama kabisa, nikaanguka upande wa kushoto. Nilikuwa na mzigo kwenye keria. Ni gunia dogo la mchele ninalotaka kumpelekea mama.

Kwa hiyo nimerudisha ya 18 na ninakurudishia hiyo 16 pamoja na ufunguo. Naomba kubwa zaidi. Labda 20? Sijui. Unaonaje?

Mwenyekiti ameniuliza kwa nini nina weusi kwenye kucha. Nikasema wino. Akashika mkono wangu, akanusa, akasema, "Wino wa siku hizi una harufu ya gari." Kisha akacheka na mimi nikacheka. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Naomba kabla ya tarehe 24.

Egidius


Lumemo
12 Mei

Karani,

Mama yako anaishi Mahenge. Toka huko uliko, Mahenge ni kusini na Ifakara ni kaskazini. Hakuna mtu anayempelekea mama yake mchele kwa kumpa kisogo.

Juzi ulikuwa unataka mwendo wa barabara kuu. Leo unapita mchangani na gunia. Tarehe 24 umeitaja katika barua zote mbili, na ulianza kwa kusema shida ni ndogo.

Mimi si kasisi wako wala polisi. Ni fundi. Lakini sitafunga chuma juu ya uongo. Ukinidanganya njia, nitakupa friwili ya njia ambayo hupiti, na utaangukia pale pale unapoogopa kuanguka. Sikutumii kitu mpaka nijue. Njia gani, mzigo gani, nyuma yako nani.

Rabia


Ng'ambo
14 Mei

Mama,

Nitakuambia. Ukimaliza kusoma, tafadhali choma.

Tarehe 2 Machi kijiji kilifanya mkutano mkuu kuhusu mbuga ya chini, ile inayopakana na mto. Mwenyekiti alileta ombi la mtu mmoja kutoka mjini kutaka mbuga yote. Watu walikataa. Walikubaliana masika wakulima walime mpunga, kiangazi wafugaji walishe, kama ilivyo sasa. Waliohudhuria ni 143, wakatia sahihi au dole gumba. Dole la Ndaki ni la 61. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari kwenye daftari la kijiji.

Mwezi wa nne Mwenyekiti alinipa daftari jipya. Alisema lile la zamani limelowa, ninakili upya, na kwamba atanisomea marekebisho. Marekebisho yalikuwa kwamba mkutano ulikubali kumpa yule mtu mbuga. Mama, niliandika. Aliketi karibu yangu akiwa ameweka mkono juu ya meza, hakuutikisa hata mara moja, na mimi niliandika kurasa nne kwa mwandiko mzuri. Nilipiga hata mstari kwa rula.

Kisha akaniambia nichome la zamani. Nilichoma rejesta ya mahudhurio ya mwaka juzi badala yake. Daftari la kweli nimelishonea ndani ya kigodoro cha keria ya baiskeli yangu. Huo ndio mzigo. Hauzidi kilo mbili. Siku ile mchangani nilikuwa nimeongeza matofali mawili ili nione baiskeli itafanyaje ikilemewa.

Wanakijiji wamepeleka shauri kwenye baraza la ardhi hapo Ifakara. Linasikilizwa Ijumaa, tarehe 24, saa tatu asubuhi. Mwenyekiti atapeleka daftari jipya. Nisipofika na la zamani, mbuga imekwenda, na itakuwa imekwenda kwa mwandiko wangu.

Nyuma yangu ni Mwenyekiti na kijana wake Jofrey, mwenye pikipiki. Wiki iliyopita Mwenyekiti aliniuliza jalada gumu la daftari linawezaje kuungua lisiache hata waya wake wa kushonea. Tangu hapo Jofrey hupita nje kwangu kila asubuhi, anazima injini, anakaa kidogo, anaondoka.

Kuna jambo jingine, na ni upumbavu wangu mwenyewe. Ofisini kila barua inayotoka huandikwa kwenye rejesta ya barua zitokazo. Ni kazi yangu ya kila siku. Tarehe 6, baada ya kumkabidhi Ndaki kile kitambaa, nilirudi mezani, nikafungua rejesta na kuandika: "Barua moja. Kwa Bi Rabia, fundi baiskeli, Lumemo. Kwa mkono wa Ndaki." Nilikuwa sijui ninafanya nini. Mkono ulikwenda wenyewe. Jana Mwenyekiti ameisoma. Amesema tu, "Kumbe karani wetu anaandikiana na mafundi."

Yeye mwenyewe anaijua baiskeli. Ujanani alibeba mpunga kwa baiskeli hadi Ifakara, enzi za kivuko, kabla ya daraja.

Niambie friwili ipi, Mama. Nimejibu yote matatu.

Egidius


SERIKALI YA KIJIJI
15 Mei 2024

Kwa Bi Rabia, fundi baiskeli, Lumemo.

Salaam.

Husika na somo la hapo juu ingawa sijaliandika, kwa kuwa hili ni jambo la kirafiki tu.

Karani wetu Egidius ni kijana msomi lakini mwenye hofu nyingi, nasi huku tunamlea. Nimefahamu kwamba umekuwa ukimsaidia vifaa vya baiskeli. Nashukuru. Hata hivyo si vizuri vifaa vya mtumishi wetu kupitia kwa wachunga ng'ombe. Namtuma kijana wangu Jofrey na barua hii. Kama kuna kifaa kilichobaki, mkabidhi. Nitamfungia mwenyewe, kwani kazi hiyo naijua. Pia naomba uniambie aliomba meno mangapi, na kwa safari gani.

Barabara za huku si salama kwa mtu anayekwenda peke yake na mambo yake. Wewe ni mzazi, utanielewa.

Ni mimi katika ujenzi wa kijiji,
M. Lihami
Mwenyekiti


Lumemo
15 Mei

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam zimefika. Jofrey nimempa maji na kiti, amekataa kiti.

Mimi ni mwanamke wa spana, mambo ya ofisi siyajui. Kijana aliomba friwili ya meno kumi na sita. Ili nisikose neno lolote, nakutumia barua yake ya kwanza uisome mwenyewe. Utaona anasema ana safari za Ifakara kwa barabara kuu na daraja, na anataka mwendo. Nilimwambia ana miguu ya kitabu, hakusikia.

Friwili yenyewe ni hii, nimeipangusa. Wewe uliyebeba mpunga enzi za kivuko huna haja ya maelezo yangu.

Rabia


Lumemo
16 Mei

Egidius,

Sijachoma barua yako. Nimeikunja ndani ya kopo la spoki, kwa sababu kuna siku utahitaji mtu mwingine ajue ulichokiandika mwezi wa tano kabla hujaulizwa.

Mwenyekiti ameniandikia. Nimemkabidhi Jofrey ile kumi na sita pamoja na barua yako ya kwanza, ile ya uongo. Usiruke. Soma mpaka mwisho.

Umeniuliza friwili ipi. Hakuna gia ya baiskeli inayoishinda pikipiki. Ungefunga hata kumi na nne, Jofrey angekupita akitafuna muwa. Ulianza na hesabu ya mwendo kwa sababu ya woga, na woga haujui hesabu nyingine. Kama huwezi kumpita, pita asipoweza kupita yeye. Mbuga bado ina maji ya masika. Kuna vijia vya juu ya kuta za majaruba ya mpunga, vya upana wa tairi, na tope linalofika magotini. Pikipiki inazama pale. Baiskeli yenye ishirini na mbili inapita polepole, na pale inaposhindwa unaibeba. Huendi darajani. Unashuka hadi mtoni, panapotazamana na Kivukoni, pale pantoni ilipokuwa ikifunga. Shemeji yangu Nazari atakungoja na mtumbwi saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Nakutumia kwa Ndaki friwili ya meno 22, ufunguo, na pingili mbili za cheni, kwa sababu friwili kubwa inakula cheni ndefu. Ziache kwake. Acha Mwenyekiti akufungie kumi na sita na aione kila siku kwenye baiskeli yako. Mtu anayejua baiskeli akiona kumi na sita anaweka watu wake barabara kuu. Ijumaa alfajiri pitia bomani kwa Ndaki, ubadilishe, uende.

Kitu kimoja. Mwandiko wako umo kwenye madaftari mawili. Kwa hilo sina friwili. Utaulizwa, na utajibu kwa mdomo wako.

Rabia


Ng'ambo
20 Mei

Mama Rabia,

Naandika nikiwa nimeketi bomani kwa Ndaki, karatasi iko juu ya debe, samahani kwa mwandiko.

Jumamosi Mwenyekiti aliagiza baiskeli yangu iletwe uani kwake. Aliketi kwenye kigoda akavua gurudumu mwenyewe. Hakuwa na ufunguo, alitumia tindo na nyundo. Alikuwa anafurahi. Alinieleza jinsi alivyokuwa akifunga magunia mawili, na kwamba wakati ule naye alikuwa na kumi na sita. "Barabara kuu, eh? Kijana ana mwendo huyu." Wakati wote huo mkono wake wa kushoto ulikuwa umeegemea kigodoro cha keria. Alikibonyeza mara mbili, kama mtu anayejaribu papai. Nilihesabu. Kisha akasema, "Kigumu. Uweke pamba mpya." Nikasema ndiyo, shikamoo. Nilimwamkia katikati ya mazungumzo, Mama, kama mtoto.

Alipomaliza alipanda mwenyewe. Ni mtu mzito. Alipanda kile kilima cha shule na kushuka, mara tatu, akisimama juu ya pedeli. Akanirudishia na kusema, "Ijumaa utabaki ofisini upokee wageni."

Hakupaka grisi.

Leo nimejaribu kuitoa hapa, tuone kama itakubali siku yenyewe. Ndaki amekanyaga ufunguo, mimi nimeshika ringi. Haikusogea. Mara ya nne ufunguo umeteleza ukakata kuta za zile nafasi mbili. Sasa hapana pa kushika. Friwili ya 22 ninayo mkononi na haina pa kuingia. Nimebaki na kumi na sita na zimebaki siku nne.

Niambie niende barabara kuu tu. Labda wataamka wamechelewa. Au labda nisiende. Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho na nimeiacha ili usiseme nakuficha.

Egidius


Lumemo
22 Mei

Mwanangu,

Acha kuhangaika na friwili. Gurudumu zima hutoka kwa nati mbili.

Baiskeli ya Ndaki nilimfungia mimi ishirini na mbili, mwaka jana, kwa ajili ya madebe ya maziwa. Magurudumu yenu ni saizi moja. Ijumaa alfajiri mbadilishane magurudumu ya nyuma. Kwenye cheni yako ongeza zile pingili mbili. Ya Ndaki itazidi urefu. Avute gurudumu lake nyuma mpaka mwisho, itamfikisha sokoni.

Kuhusu ile sentensi ya mwisho nimeisoma. Hofu si kosa, ulizaliwa nayo, nakumbuka ulivyokuwa ukigonga mlango wa chumba ulichokilipia mwenyewe. Lakini ulipoambiwa uchome, ulichoma kingine. Hakuna aliyekushika mkono siku ile.

Saa tatu nitakuwa benchi la nyuma.

Rabia


Kituo cha polisi, kwa mkono wa askari wa zamu
Ijumaa, 24 Mei, saa nane mchana

Egidius,

Nimeambiwa hukuwekwa rumande, unaandika maelezo tu, na kwamba unaandika marefu. Wamekubali nikuletee chakula. Ni wali na kambale. Kula kwanza, usiwe kama wewe.

Ulipochelewa nilidhani umebaki. Mzee Marselino alikuwa amevaa koti, daftari jipya liko mbele yake, anasalimiana na watu. Saa tatu na robo yule mama anayeliongoza baraza alishafungua ukurasa wa kwanza. Ndipo nikasikia mlangoni mtu anabishana na mlinzi kwamba baiskeli lazima iingie, na nikajua ni wewe, maana hakuna mwingine anayebishana huku anaomba samahani. Ulikuwa tope mpaka shingoni. Ulipochana kigodoro kwa meno, mlinzi alirudi nyuma.

Yule mama alipoyaweka madaftari mawili sambamba akauliza, "Huu mwandiko wa nani?" ukasema wako. "Na huu?" Ukapangusa tope kwenye vidole. Nilimwona Mwenyekiti anaweka mkono juu ya meza, hivyo hivyo ulivyoniandikia, hautikisiki. Kisha ukasema, "Na huo ni wangu. Huo ni wa uongo. Niliunyoosha kwa rula." Nikawapa barua yako ya tarehe 14. Wameiweka na madaftari yote mawili.

Sasa lisilo zuri. Cheni ya Ndaki ilimtoka pale pale kabla ya daraja, kwa sababu ilikuwa ndefu. Akashuka kuirudisha mbele ya Jofrey na wenzake watatu. Wakaiona ile kumi na sita. Wakaijua, wameshinda wakiitazama wiki nzima. Wakadhani daftari liko kwake. Wamemwaga madebe yote mawili, wamechana kiti, wamempiga mpaka mkono umevunjika. Walikuwa bado wanampekua wakati wewe uko mtoni. Amelazwa, anaongea, ameniuliza kama dole lake la 61 limefika.

Ile cheni ningeikata kwa dakika mbili. Nilikuandikia itamfikisha sokoni. Hilo ni kosa langu, wala usilichukue na kulifanya lako, najua tabia yako.

Kula.

Rabia


Ng'ambo
Jumapili, 2 Juni 2024

Mama Rabia,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Levina, mke wa Ndaki, anayekuja kumwona mumewe hospitalini. Haiko kwenye kitambaa. Nimeifunga kwenye bahasha na kuandika jina langu nje.

Nimesimamishwa kazi. Maelezo yangu polisi yalifika kurasa kumi na moja, na nimeambiwa naweza kushtakiwa kwa zile kurasa nne nilizozinakili. Baraza limezuia mbuga isiguswe na mtu yeyote mpaka shauri liishe. Watasikiliza tena tarehe 19 Julai na nimeitwa kama shahidi. Jofrey na wenzake wako rumande. Mwenyekiti yuko nyumbani kwake. Jana tulipishana njiani. Nilimwamkia, hakuitikia, na nilipofika mbele nilikaa chini kando ya njia. Lakini nilikuwa nimeshampita.

Sikukueleza nilivyochelewa. Kwenye majaruba nilikuwa naenda vizuri, polepole kama ulivyosema, kila mkanyago unaingia. Kisha nikasikia pikipiki. Nikashuka, nikalala kwenye tope na baiskeli juu yangu. Nililala pale robo saa nzima. Ilikuwa pikipiki ya mtu anayepeleka mkaa, inapita barabarani, mbali kabisa, wala haikunitafuta. Robo saa ile ndiyo niliyochelewa. Nazari alikuwa amenisubiri, ameloweka miguu. Alisema tu, "Karani, weka baiskeli mbele, wewe kaa nyuma, na usinisimulie kitu."

Wakati nimelala pale, Ndaki alikuwa anapigwa. Nimepiga hesabu ya saa na ndivyo ilivyo. Sijui nifanye nini na hesabu hiyo.

Kwa sasa nafanya hivi. Mkono wake hautapona kabla ya mwezi wa nane. Ng'ombe wanakamuliwa na Levina, na maziwa nayapeleka mimi. Nilianza Jumatano. Baiskeli ni ya kwake, umeinyoosha vizuri, asante, lakini gurudumu la nyuma bado ni lile lenye kumi na sita lililogoma, na kwenye mwinuko wa daraja nashuka na kusukuma, kama ulivyosema, kama mgonjwa. Lile lake la 22 liko kwenye baiskeli yangu, na yangu wameichukua polisi kama kielelezo pamoja na kigodoro.

Naomba uniuzie gurudumu la nyuma lililotumika, na friwili. Sisemi meno mangapi. Nakujibu tu maswali.

Njia: barabara kuu na daraja, kila baada ya siku moja, kwenda asubuhi na kurudi mchana.

Mzigo: madebe mawili ya maziwa, lita arobaini. Hayana maji ya mto, nimehakikisha.

Nyuma yangu: juzi kulikuwa na pikipiki moja kuanzia machimbo hadi darajani. Haikunipita. Sikuilalia tope. Sijui ilikuwa ya nani, na bado naogopa, kwa hiyo ukipiga hesabu yako uiweke na hiyo.

Egidius